Ukisubiri ujiamini ndipo uanze mazoezi, hutatoka mlangoni

Mgeni anayeshuka Tanga mjini kwa mara ya kwanza hushangaa jambo ambalo sisi wenyeji hatulioni tena: wanawake juu ya baiskeli, buibui limekusanywa vizuri, kapu nyuma, wanakwenda zao sokoni. Mji ni tambarare na barabara za Ngamiani zimenyooka. Lakini ukisema unatoka kwa ajili ya mwili wako tu, huendi kununua samaki wala kumjulia mtu hali, hapo ndipo maneno huanza. Nimeyasikia kwa miaka mingi barazani, na mengine yalinizuia hata mimi.

Dhana: "Sina ujasiri. Nikishajiamini, nitaanza."

Hili ndilo limewafungia wengi ndani. Mama yangu mdogo aliambiwa na daktari atembee, kwa sababu ya presha. Ana miaka 54. Miezi ikapita anasema anaona haya, watu watamtazama. Mwishowe tukaanza kutoka wawili baada ya swala ya alfajiri. Siku ya kwanza tuliishia Tangamano, akataka kurudi. Wiki ya tano tukafika Raskazone, akakaa chini akiitazama bahari kama mtu aliyesafiri mbali. Mwezi uleule alisimama kwenye kikao cha kikoba chake akauliza hesabu za hisa zake, yeye ambaye miaka yote alikuwa akisaini na kunyamaza.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa "hili naliweza" hutoka katika mambo manne: kulifanya mwenyewe ukaona umeweza, kumwona mwenzako akiliweza, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mwili wako unavyojisikia. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote. Kwa hiyo miguu hutangulia, kujiamini kunafuata. Na mwenzako awe wa kufanana nawe kweli: video za wasichana wa miaka 20 hazikumsaidia mama mdogo hata kidogo. Kilichomsaidia ni kumwona jirani wa rika lake akipita na raba zake kila asubuhi.

Dhana: "Binti akipanda baiskeli atapoteza ubikira."

Hata hapa kwetu, mji wa baiskeli, wapo wazazi wanaoamini hivi. Ukweli ni kwamba ule utando wa ukeni unaoitwa bikira hutofautiana kwa maumbile kati ya msichana na msichana, na hauwezi kutoa ushahidi wowote. Oktoba 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, Shirika la Afya Duniani likiwemo, yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe, kwa kuwa hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuonyesha kama mtu amewahi kukutana kimwili. Nawaomba wazazi wenzangu, msimnyime binti baiskeli kwa hofu isiyo na msingi.

Dhana: "Mazoezi ni gym, na usipopungua umepoteza muda."

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku mbili za kuimarisha misuli. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Dakika chache chache nazo huhesabiwa, na kulima na kudeki kwa nguvu pia. Mzani unaweza usisogee kabisa, huku usingizi umetulia na wasiwasi umepungua.

Dhana: "Umri umekwenda."

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito wazee dhaifu wa umri wa karibu miaka 90, kwa wiki 8. Tisa waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Sina la kuongeza.

Dhana: "Mimi namuunga mkono, nimemruhusu."

Ruhusa hutolewa leo na kuondolewa kesho. Anayetaka kutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi anahitaji mtu wa kuchemsha chai, wa kumvalisha mjukuu sare, wa kubaki na mgonjwa. Sifa ni nzuri, lakini hazichemshi chai. Baba mdogo alilielewa hilo bila kuambiwa: siku ya tatu tulirudi tukakuta chupa imejaa na mtoto keshakwenda shule.

Kisha kuna utani. "Bonge wetu anakwenda kukimbia!" Wenyewe huona wanachekesha tu. Neno la mtu wa nyumbani huingia ndani kuliko la mpita njia, na nimemwona binti akizirudisha raba kabatini kwa neno moja la kaka yake. Wala usimgeuze mtu mfungwa kwa kumuuliza kila jioni ametembea dakika ngapi. Vaa viatu, mfuate.

Sasa mama mdogo anajifunza baiskeli, jambo ambalo utotoni alikatazwa. Baba mdogo humshikia keria kwa nyuma, anakimbia naye akihema. Jumamosi iliyopita, katikati ya barabara, tulimsikia akipaza sauti: "Achia, baba Mwanaidi! Achia!"

Akaachia.