4,294,967,297: namba iliyomponza Fermat

Andika 2 mara 32, zizidishe zote pamoja, kisha ongeza 1. Jibu ni 4,294,967,297, namba ambayo wengi wakiiona huapa kuwa ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Dhana: Inaishia na 7, tena haigawanyiki kwa 3, 7, 11 wala 13, basi ni tasa.
Tarakimu ya mwisho inaweza kuikataa namba, haiwezi kuithibitisha. Hata 27 na 57 zinaishia na 7. Hii yetu ni 641 × 6,700,417. Shika kalamu uzidishe.

Dhana: Kanuni ikikubali mara tano mfululizo, imethibitika.
Hapa ndipo alipoteleza Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, na hakuwa mtu wa kubahatisha. Chukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ongeza 1: unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa! Fermat akaamini kwamba ukiendelea kukirudufu kipeo, utapata tasa daima. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonesha kuwa ya sita, yaani hii yetu, inagawanyika. Hadi leo hajapatikana mtu wa kuleta tasa nyingine ya ukoo huo baada ya 65,537.

Dhana: Kumpata 641 kulihitaji maelfu ya majaribio.
Kwanza, ukitafuta kigawo kidogo hakuna haja ya kuvuka kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 65,536 na chembe. Hata hivyo, chini ya hapo kuna namba tasa 6,542, kazi ya kuchosha mkono. Lakini Euler alithibitisha jambo tamu: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi orodha ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Tupa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano, kazi imekwisha.

Dhana: Ndiyo namba kubwa kuliko zote katika biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1 za kompyuta).
Biti 32, bila alama ya hasi, zinaishia 4,294,967,295. Hii imezidi kwa 2. Anayefanya kazi kwenye kompyuta ni ndugu yake mdogo, 65,537, anayetumika sana katika ufunguo wa umma wa RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwa siri.