Mgongo Umepinda, Wanaoshtaki ni Miguu

Mzee mmoja mrina asali wa Sikonge aliniambia neno lililonisaidia kuliko eksirei aliyokuja nayo mkononi. "Daktari, nikisukuma baiskeli yenye madumu ya asali nafika hadi mnadani. Nikiiacha, hatua mia haziishi, miguu inakufa ganzi, natafuta pa kukaa."

Kiuno chake kimevutwa kushoto, bega moja limeshuka. Ndugu zake waliomleta Tabora walitaka mgongo unyooshwe. Lakini ugonjwa ulikuwa umejieleza kwenye ule usukani. Akiuinamia, mfereji wa uti wa mgongo hutanuka kidogo, neva zikapata nafasi. Akisimama wima, zinabanwa tena. Mishipa ya damu ya miguu ikiziba, nayo humsimamisha mtu njiani hivyohivyo, ila yeye hupata nafuu kwa kusimama tu, bila kuinama. Ndiyo maana nilianza kwa kumpapasa mapigo ya damu miguuni.

Pindo la mgongo kwenda kando likifika nyuzi 10 tunaliita skoliosisi. Kwa mtu mzima mara nyingi linatokana na diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili (mifupa ya uti wa mgongo), kulika upande mmoja zaidi: pingili zinainama, zinateleza kando, kano za ndani zinanenepa, mfereji unajibana. Wengi wanaishi nalo kwa mazoezi na dawa.

Wasiopata nafuu ndio tunaozungumza nao habari za kisu, na hapo kazi kubwa ni kujua tukate kiasi gani. Kama shida ni miguu, pindo ni dogo na pingili zimetulia, inatosha kufungua mfereji. Tunaondoa sehemu ya mfupa wa nyuma na ile kano nene ya manjano. Kuna wakati mmoja huwa naungoja: kano inatoka, na utando wa neva uliokuwa umebonyea unajaa, unaanza kudunda polepole. Ila ukila mfupa kupita kiasi, mgongo uliopinda huzidi kulala. Pindo kubwa, pingili zinazocheza au kiwiliwili kinachoangukia mbele huhitaji pia skurubu, vyuma na mfupa wa kupandikiza ili pingili ziungane. Hiyo ni operesheni ya saa nyingi na damu nyingi. Mfupa uliopungua nguvu haushiki skurubu vizuri, na sigara inazuia mfupa kuunga. Simfanyii mzee kazi hiyo ili picha yake inyooke.

(Kibiongo chenye ncha, homa za jioni na kukonda ni habari nyingine kabisa. Hapo natafuta kifua kikuu cha mifupa, na tiba yake huanza na dawa.)

Nilimwambia mzee wangu kwamba tutafungua mfereji, na pindo litabaki. Akajibu, "Mimi nimekuja kwa ajili ya miguu."

Binti yake nilimpa maagizo yangu pembeni: kabla ya siku ya upasuaji, mkojo ukigoma kutoka, unyayo ukiburuta, au ganzi ikishika pale anapokalia kiti cha baiskeli, wasingoje tarehe. Wamlete siku hiyohiyo, hata usiku.