Avoda zara: Uyahudi unakataza nini hasa unapokataza sanamu?

Ukimuuliza mtu yeyote Wayahudi wamekatazwa nini kuhusu sanamu, atakujibu upesi: wasizisujudie. Jibu hilo ni la kweli, ila halifiki mbali. Wenyewe wanaliita jambo hili *avoda zara*, yaani ibada ngeni. Kinachoabudiwa kinaweza kuwa gogo, jua, malaika au mfalme aliye hai. Mradi kiumbe kimepewa utumishi unaomstahiki Mungu peke yake, mtu ameshaingia humo. Msomaji Mwislamu atakuwa ameshaifikiria shirki, na hajakosea sana.

Msingi wake ni Amri Kumi. "Usiwe na miungu mingine ila mimi," inasema Kutoka 20, na papo hapo inafuata marufuku ya sanamu za kuchonga. Wayahudi huyahesabu yote hayo kuwa amri moja, ya pili. Lakini ukigeuza kurasa chache tu, katika mlango wa 25, Musa anaagizwa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu na kuwaweka juu ya sanduku la agano. Halafu kuna yule nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa jangwani, naye kwa amri ya Mungu. Alihifadhiwa vizazi na vizazi, mpaka mfalme Hezekia alipomvunja vipande kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Shaba ilikuwa ile ile siku zote. Kilichobadilika ni mwenendo wa watu mbele yake.

Uzito wa katazo hili hauna mchezo. Kwa sheria ya Kiyahudi, karibu kila amri huwekwa kando uhai ukiwa hatarini: Sabato itavunjwa, chakula kilichokatazwa kitaliwa. Makosa matatu ndiyo ambayo mtu anatakiwa afe kuliko kuyatenda, nayo ni uuaji, zinaa za maharimu na za mke wa mtu, na ibada ya sanamu. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi (wanazuoni wa Kiyahudi), inasimulia kwamba wazee walilipigia kura jambo hilo huko Lod, katika chumba cha juu cha nyumba ya mtu aitwaye Nitza.

Na si kwamba lilibaki la vitabuni. Mwaka 40 BK, Kaisari Caligula aliagiza sanamu yake isimamishwe ndani ya Hekalu la Yerusalemu. Petronius, gavana wa Siria, akashuka na jeshi. Mwanahistoria Josephus anaeleza jinsi watu walivyomiminika kumlaki mjini Tolemai, kisha Tiberia, wakalala kifudifudi na kunyoosha shingo, wakisema wachinjwe kwanza. Ulikuwa msimu wa kupanda, na mashamba yakabaki bila mbegu. Petronius akaona hapa hapana vita, kuna machinjo tu na njaa baada yake, akaandika barua ya kumsihi Kaisari. Caligula akamjibu ajiue. Bahati yake, habari za kuuawa kwa Caligula, Januari 41, zilimfikia kabla ya barua hiyo.

Sasa, watu hao hao waliishi katikati ya sanamu kila siku. Miji ya dola ya Kirumi ilijaa nazo sokoni, kwenye chemchemi, juu ya milango. Utaishije hapo? Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilishwa karibu mwaka 200 BK, ina kitabu kizima kiitwacho Avoda Zara kinachojibu swali hilo kwa mambo madogo madogo ya maisha: usifanye biashara na waabudu sanamu siku tatu kabla ya sikukuu zao, maana faida yako itaishia kwenye shukrani kwa mungu wao, divai waliyoigusa usiinywe, huenda wameimwagia sadaka.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatokea Akko, ambayo ndiyo ile ile Tolemai. Raban Gamalieli (wengi wanadhani ni mjukuu wa yule wa Matendo ya Mitume) alikuwa akioga katika hamamu ya mji, bafu la umma kama lile la Hamamni pale Unguja, na humo ilisimama sanamu ya Afrodita, mungu wa kike wa Wagiriki. Mtu mmoja aitwaye Proklos akamuuliza: Torati yenu inasema msishike chochote cha vitu hivyo vilivyolaaniwa, mbona unaoga humu? Gamalieli akamwambia kwamba bafuni hatujibu maswali. Alipotoka nje ndipo akajibu: mimi sikuingia kwake, yeye ndiye aliyeingia kwangu. Watu hawakusema wajenge hamamu iwe pambo la Afrodita, walisema Afrodita awe pambo la hamamu. Kisha akaongeza hoja ya mtaani kabisa: hata ukilipwa fedha nyingi, hungekwenda mbele ya mungu wako uchi na kukojoa mbele yake, na huyu amesimama mdomoni mwa mfereji, kila mtu anamkojolea. Kinachotendewa kama mungu ni haramu, na kisichotendewa hivyo ni halali.

Mantiki hiyo inafika mbali. Mishna inasema mwabudu sanamu akiikata sanamu yake ncha ya sikio, pua au kidole, ameibatilisha, haihesabiki tena kuwa mungu. Aliyeitukuza ameidhalilisha, kwisha. Myahudi hana uwezo huo wa kuibatilisha sanamu ya asiye Myahudi.

Lakini msidhani kila kitu ni nia. Kulikuwa na mungu wa njiani, Merkulis, ambaye wafuasi wake walimwabudu kwa kurushia mawe kwenye rundo lake. Marabi wakaamua kwamba anayemrushia jiwe, hata akikusudia kumtukana, amemwabudu. Hapo tendo limeishinda nia. Nadhani ni kwa makusudi: sheria haikutaka kumwachia mtu mwanya wa kusema "moyoni sikumaanisha".

Karne nyingi baadaye, Maimonides (1138–1204), rabi na mwanafalsafa mzaliwa wa Córdoba aliyefia Misri, aliuliza ujinga huu wa kuabudu sanamu ulianzaje. Jibu lake ni kwamba ulianza kwa heshima. Watu wa zama za Enoshi, mjukuu wa Adamu, anasema, walimjua Mungu vizuri, ila wakawaza kwamba nyota ni watumishi wake, na mfalme hupenda mawaziri wake waheshimiwe. Wakazijengea mahekalu. Manabii wa uongo wakafuata, kisha sanamu, mwishowe watoto wakazaliwa wasijue kama kuna yeyote zaidi ya mti na jiwe. Akaenda mbali zaidi: anayeamini kwamba Mungu ana mwili na umbo ni mzushi, hata kama hajachonga chochote, maana ameichonga sanamu akilini. Rabi Abraham ben David wa Posquières, Ufaransa, akamkemea vikali: walioamini hivyo walikuwamo watu wakubwa na bora kuliko wewe! Kwa upande wangu namwelewa mkemeaji. Mkulima anayesoma "mkono wa Bwana" na kuuona mkono kichwani mwake ni vigumu kumweka kundi moja na makuhani wa Baali.

Na majirani je? Hapa hawakubaliani mpaka leo. Kuhusu Waislamu, Maimonides alisema bila kusita kwamba hawaabudu sanamu, na tauhidi yao haina dosari. Hata hivyo divai aliyoigusa Mwislamu aliikataza kunywa, akairuhusu kuuza. Wakristo aliwahesabu upande wa pili, kwa sababu ya Utatu. Rabi Menachem Meiri wa Perpignan, karne moja baadaye, alipinga: mataifa yenye dini na sheria za maadili, alisema, hayafanani na wapagani wanaotajwa katika Talmudi, kwa hiyo hukumu zile haziwahusu. Matokeo yake yanaonekana mlangoni mwa nyumba za ibada: marabi wengi wa Kiorthodoksi hawaingii kanisani, hata kwa harusi ya jirani, ilhali msikitini wengi wao hawaoni tatizo hilo.