Mimea ya Kufukuza Mbu: Nguvu Iko Kwenye Jani Lililofikichwa

Mvua zinapoanza, swali linalotufikia zaidi katika kitengo chetu cha wadudu waenezao magonjwa ni moja: "Mtaalamu, nipande nini bustanini ili mbu watukimbie?" Anayeuliza mara nyingi ana mtoto mdogo nyumbani, na ameshatajiwa majina tele: kivumbasi, mchaichai, mnanaa, mwarobaini, lavenda. Wengine wameshapanda, wakasubiri miezi, na bado jioni wanaumwa wakiwa wamekaa hatua mbili tu kutoka kwenye kichaka chenyewe. Hao ndio hunigusa zaidi. Mmea waliopanda ni ule ule wa kweli, ila hakuna aliyewaeleza unavyofanya kazi.

Naomba ufanye jambo dogo. Simama karibu na kivumbasi bila kukigusa, uvute pumzi. Utasikia harufu kidogo, pengine usisikie kitu. Sasa chuma jani moja ulifikiche kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Harufu inapanda puani mara moja, kali, na inabaki vidoleni hata baada ya kunawa. Ukiwa na lenzi ya mkononi, chukua jani jingine, geuza upande wa chini, ulitazame kwenye mwanga: kuna vitone vidogo vinavyong'aa, kama jasho jembamba juu ya ngozi. Ndani ya vitone hivyo ndimo yalimo mafuta yenye harufu. Mmea umeyatengeneza kujikinga na wanaoutafuna, na haumwagi silaha yake ovyo. Huyahifadhi mpaka jani livunjwe, lichubuliwe au lipate joto.

Kwa hiyo kichaka kilichosimama kimya kwenye kona ya uwanja kinatoa harufu ndogo mno kuweza kumzuia mbu anayekufuata wewe. Na mbu anayeuma, ambaye ni jike peke yake kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae, ana njia nyingi za kukupata. Kwanza hunusa hewa ya kaboni dayoksaidi unayoitoa kwa pumzi, akiwa bado mbali. Akikaribia, huongozwa na harufu ya jasho na joto la mwili. Harufu ya mmea inaweza kumvuruga au kumkera akasita kutua, lakini lazima iwepo ya kutosha, na iwe kati yake na wewe. Upepo mdogo tu unaipeleka upande mwingine.

Hata hivyo sisemi kwamba mmea ulio hai hauna faida yoyote. Mwaka 2002 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika Mbita, magharibi mwa Kenya, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Watafiti waliweka mimea hai ya vyunguni katika nyumba za majaribio zenye mbu aina ya Anopheles gambiae, mwenezaji mkuu wa malaria barani Afrika. Kivumbasi, kwa jina la kitaalamu Ocimum americanum, kilipunguza mbu kwa wastani wa karibu asilimia 40. Lantana camara, kichaka cha maua, na jamaa yake wa jenasi ya Lippia zilipunguza kwa takriban theluthi moja. Ukisoma takwimu hizo, soma pande zote mbili: kati ya mbu kumi, wanne walizuiwa, na sita waliendelea na safari yao. Katika uchunguzi huo wa Mbita, majani ya mkaratusi wa limau yaliyopashwa moto ili mvuke wa mafuta utoke yalifukuza mbu wengi kuliko vyungu vya mimea iliyokaa tu. Hilo linarudi pale pale kwenye jani la kivumbasi ulilolifikicha.

Kuna na mmea uliouzwa sana kwa jina la "mmea wa mbu". Ni aina ya jerani yenye harufu inayokaribia ya limau, Pelargonium citrosum, iliyotangazwa kwamba chungu kimoja kinalinda eneo zima. Ulipojaribiwa katika miaka ya 1990 huko Amerika Kaskazini, haukuwazuia mbu aina ya Aedes wala Culex. Watu waliokaa katikati ya vyungu hivyo waliumwa sawa na waliokaa bila mmea. Nautaja kwa sababu bado unauzwa, na tangazo halijabadilika sana.

Sasa, nipande upi?

Mimi ningeanza na kivumbasi, bila kusita. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hivyo usizifukie. Zinyunyize juu ya udongo uliolainishwa, zibonyeze kwa kiganja, uzinyunyizie maji kwa ukungu mwepesi. Kinapenda jua na hakitaki udongo unaotuamisha maji. Kikifika kimo cha shubiri, kata ncha ili kitoe matawi mengi, kisha endelea kuondoa vikonyo vya maua kabla havijafunguka. Mmea ukishatoa maua na kubeba mbegu, majani hupungua na kuwa magumu, na majani ndiyo unayoyahitaji.

Mchaichai ni mgumu, hauhitaji uangalizi mwingi, na unazalishwa kwa kugawa shina tu. Ila ujue una ndugu anayefanana naye sana: sitronela. Mchaichai wa kawaida una mafuta ya sitrali kwa wingi. Sitronela ina sitronelali na jeranioli, na ndiyo inayokamuliwa mafuta ya kwenye mishumaa na losheni za mbu. Njia rahisi ya kuitambua ni kutazama chini ya shina, ambako sitronela huwa na wekundu. Yote miwili hufikia zaidi ya mita moja na majani yake hukata ngozi kama wembe, kwa hiyo usiipande mahali watoto wanapopita mbio.

Mkaratusi wa limau, Corymbia citriodora, ni mti mkubwa, haufai uwanja mdogo. Lakini kati ya mimea yote ninayoitaja, huu ndio uliotupa dawa ya kujipaka inayokubaliwa na taasisi za afya, ikiwemo CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Dawa hiyo huitwa PMD na hupatikana kwa kusindika mafuta ya majani yake. Mafuta ghafi ya mkaratusi si kitu kile kile, na PMD yenyewe haishauriwi kwa watoto walio chini ya miaka mitatu.

Mwarobaini? Kivuli chake ni kizuri, lakini mti uliosimama haufukuzi mbu. Nguvu yake imo kwenye mbegu, ambamo kuna azadiraktini, kemikali inayovuruga ukuaji wa wadudu. Na tafadhali, mafuta yake yasiwekwe mahali mtoto mchanga anaweza kuyanywa. Yamewahi kuwadhuru watoto vibaya. Pareto nayo ni hivyo hivyo: ua lake bichi bustanini halitoi sumu hewani, sharti likaushwe na kusagwa. Dawa iliyomo kwenye chandarua chako imetengenezwa kiwandani kwa kuiga kemikali ya ua hilo, kwa hiyo huenda unalala chini ya mjukuu wa pareto kila usiku.

Mnanaa, lavenda na rozmari zina mafuta yenye uwezo kiasi, zipande ukizipenda. Nepeta cataria, jamaa wa mnanaa ambao paka huuparamia kwa furaha, umechunguzwa kwa kina zaidi: mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba kemikali yake kuu huamsha kipokezi kiitwacho TRPA1, ambacho kwa mbu ni kama kengele ya kumwonya kuna muwasho. Mbu anauhisi kama sisi tunavyohisi moshi machoni.

Lantana camara sikushauri kuupanda, hata kama ulifanya vizuri Mbita. Ni gugu vamizi, ukitoroka bustanini hurudi nyuma kwa shida, na ni sumu kwa mifugo.

Jinsi ya kuitumia

Weka vyungu pale unapokaa, karibu na dirisha au mlango, wala si kwenye ua wa mbali. Viwe mahali unapopita ukivigusa kwa mguu au mkono. Kabla ya kukaa jioni, vunja matawi machache, yaponde kidogo, uyaweke chini ya kiti na pembeni yako, na urudie harufu inapofifia, maana hufifia upesi. Kuchoma majani ndani ya nyumba hufukuza baadhi ya mbu, lakini moshi huo unaingia kwenye mapafu ya wale wale unaotaka kuwalinda. Sikubaliani nao, hasa palipo na mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu. Kujisugua majani usoni kunaweza kuleta vipele. Kama unataka kujaribu kwenye mkono, anza na sehemu ndogo, usubiri siku nzima.

Wala usitegemee mafuta ya mimea yakulinde usiku kucha. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002 kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, bidhaa nyingi zenye sitronela zilimlinda mtu kwa chini ya dakika 20, ilhali dawa yenye DEET, kemikali ya kiwandani ya kufukuza wadudu, ya asilimia 23.8 ililinda kwa takriban saa tano. Chandarua chenye dawa kibaki kitandani. Na mchana usijisahau, kwa sababu Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, huuma kukiwa na mwanga.

Nimeacha mwishoni jambo linaloniumiza zaidi ninapotembelea bustani za watu. Niliwahi kuonyeshwa, kwa fahari, chungu kizuri cha sitronela. Niliinua chungu, na kwenye kisahani cha chini kulikuwa na maji ya kina cha ukucha. Ndani yake viluwiluwi vilikuwa vikipinda na kunyooka, na kivuli changu kilipopita, vyote vikazama kwa pamoja. Yai la mbu kwenye joto huweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hivi. Kisahani kile kilikuwa kinazalisha mbu wengi kuliko mmea ulivyoweza kufukuza.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Aedes hutaga ukutani, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Kisugue kisahani kwa brashi kila wiki, au ukijaze mchanga. Kagua pia mimea inayoshika maji katikati ya majani yake, kama bromelia, uisuuze kwa mpira wa maji mara moja kwa wiki. Visiki vya mianzi vijaze mchanga au uvikate pale pale kwenye pingili.

Maua nayo yana upande wake. Mbu wote, madume kwa majike, hula sukari ya maua, na jike aliyeshiba sukari huishi muda mrefu zaidi, wa kutosha kwa vimelea vya malaria kukomaa ndani yake. Mwaka 2017 watafiti nchini Mali waliripoti kwamba katika vijiji vya wilaya ya Bandiagara, walipokata matawi yenye maua ya kichaka cha Prosopis juliflora, idadi ya mbu ilishuka sana, hasa majike wazee, ambao ndio hatari. Hii ni sababu nyingine ya kukipogoa kivumbasi chako kabla hakijachanua.

Na vile vipande unavyopogoa vinaota mizizi kwa urahisi, usivitupe. Watu wengi huvisimamisha kwenye glasi ya maji dirishani, wakavisahau wiki mbili. Vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu badala yake. Ukiamua kutumia maji, basi yabadilishe kila baada ya siku mbili, na kila mara uisugue glasi kwa ndani.