Je, wajua kwa nini Salim Ahmed Salim alikosa ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akiwa na kura za kutosha?

Tarehe 27 Oktoba 1981, wajumbe 15 wa Baraza la Usalama walipopiga kura ya kwanza ya kumpata Katibu Mkuu, Salim Ahmed Salim wa Tanzania alipata kura 11, naye Kurt Waldheim wa Austria, aliyekuwa akitafuta kipindi cha tatu, akapata 10. Kura 9 zilitosha kumpitisha mgombea, lakini kwa sharti moja zito: asikataliwe na hata mmoja wa wajumbe watano wa kudumu. Marekani ilimkataa Salim kwa kura ya turufu, na China ikamkataa Waldheim.

Chanzo cha pingamizi la Marekani kilikuwa cha miaka 10 nyuma. Salim, mzaliwa wa Pemba mwaka 1942, aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri akiwa na umri wa miaka 22 tu, akahudumu pia India na China kabla ya kupelekwa Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1970. Huko alikuwa miongoni mwa waliopigania kwa bidii Jamhuri ya Watu wa China ipewe kiti kilichokuwa kikishikiliwa na serikali ya Taiwan. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu liliamua hivyo kwa kura 76 dhidi ya 35, na wajumbe wa Tanzania wakaonekana wakicheza kwa furaha ukumbini. Balozi wa Marekani aliyeshindwa usiku ule alikuwa George H. W. Bush, ambaye mwaka 1981 alikuwa Makamu wa Rais wa nchi yake.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba ngoma ile peke yake ndiyo iliyomponza. Kwa miaka mingi Salim aliongoza Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, akizitetea harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na mwaka 1979 akachaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu. Msimamo huo, uliokuwa msimamo wa nchi yake na wa Afrika huru, haukuipendeza serikali mpya ya Ronald Reagan. Lakini ndio huohuo uliomjengea heshima iliyomletea kura 11. Kwa maoni yangu, hakuwa na namna ya kuipata heshima hiyo bila kulipa gharama yake.

Kura zilirudiwa kwa wiki kadhaa bila mafanikio, China ikimkataa Waldheim mara 16. Mwanzoni mwa Desemba, Olara Otunnu wa Uganda, kijana aliyekuwa Rais wa Baraza la Usalama mwezi huo, aliwaomba wagombea wote wawili wakae kando ili wengine wajaribiwe, nao wakakubali. Tarehe 11 Desemba Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapendekezwa.

Salim alirejea katika kazi yake ya Waziri wa Mambo ya Nje, akawa Waziri Mkuu mwaka 1984, kisha mwaka 1989 akachaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Addis Ababa, wadhifa alioushika hadi mwaka 2001. Mwafrika wa kwanza kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali wa Misri, aliingia ofisini Januari 1992.