Tunazima Taa, Tunaacha Hita: Dhana Potofu Kuhusu Umeme na Kubana Matumizi

Nyumba tunayopanga ina vyumba sita na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ugomvi mkubwa kuliko yote niliyoishuhudia pale uani ulianzia kwenye chaja ya simu. Binti wa chumba cha nne aliisahau kwenye soketi akaenda kazini. Jioni aliporudi akakuta jirani anamsubiri mlangoni: kumbe wewe ndiye unayetumalizia umeme! Maneno yakarushwa mpaka mama mwenye nyumba akatoka. Wakati huo wote, hatua chache nyuma yetu, hita ya jirani huyohuyo ilikuwa imechovywa kwenye ndoo ya lita 20 inapasha maji ya kuoga. Hakuna aliyeigeukia.

Jambo lile limenikaa moyoni kwa sababu limebeba karibu kila kosa tunalolifanya tunaposema tunabana matumizi. Tunabana kile tunachokiona. Taa inang'aa, tunaikimbilia. Chaja imening'inia ukutani, tunaing'oa. Kinachotukamua kimekaa pembeni kimya, na mwisho wa mwezi tunalaumiana.

"Chaja na taa ndizo zinamaliza uniti."

Simu ya kawaida ikichajiwa kila siku, mwezi mzima, haifikishi uniti moja. Kwa mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi ni shilingi 356 na senti kidogo. Ukiipeleka simu kuchajiwa kibandani mara mbili tatu, umeshatoa zaidi ya hapo. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa sita kila usiku inakula kama uniti moja na nusu kwa mwezi, haifiki shilingi 600. Balbu ya zamani ya wati 60 kwa muda uleule inakaribia uniti 11, kwa hiyo kama bado unayo, kuibadilisha kuna maana kuliko kuizima na kukaa gizani.

Sasa tuitazame hita. Kupandisha joto la maji ya ndoo moja kwa nyuzi 15 tu kunataka theluthi moja ya uniti. Kwa ndoo moja ni shilingi mia na ushee, haimuumizi mtu. Lakini watu watano wakioga maji ya moto kila siku, mwezi unakwisha na uniti kama 50, zaidi ya shilingi 17,000. Chaja ya yule binti ingehitaji zaidi ya miaka minne kufika huko.

Ukitaka kujua nini kinakula umeme nyumbani kwako, anza na vinavyotoa joto: hita, pasi, birika, jiko la sahani. Baada ya hivyo tazama kinachofanya kazi usiku na mchana, yaani friji, hasa lililochakaa mpira wa mlango. Pasi inayopashwa kila asubuhi kwa ajili ya shati moja inalipia joto la kuanzia kila siku. Sare za wiki nzima zikipigwa Jumapili kwa mkupuo mmoja, joto hilo unalilipia mara moja.

"Ukinunua umeme wa buku buku unapunjwa."

Hupunjwi. Kwa mteja wa T1, bei ya uniti ni ileile ununue wa elfu moja au wa elfu hamsini, usiku au mchana. Kinachowachanganya watu ni kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, na hukatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza mwezi ule. Mwezi usiponunua, deni linakusubiri. Ndiyo maana mpangaji aliyetoa hela yake tarehe 1 anaona uniti chache, na wa tarehe 10 anapata nyingi kwa pesa ileile. Kwetu hili lilizaa shutuma za wizi mpaka tulipokubaliana kwamba 1,500 ya kila mwezi mama mwenye nyumba atarudisha, kwa kuwa kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Kama unapanga, lizungumze mapema na kwa heshima.

"Mita moja kwa wapangaji wote ni nafuu kwa kila mtu."

Hili linanichoma kuliko mengine, maana wanaoumia ni wenye kipato kidogo. Kuna kundi la D1, la wateja wa majumbani wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Wao hulipa shilingi 122 kwa uniti, kodi ikiwa ndani. Chumba chenye taa mbili, redio, simu na feni ya kuwasha usiku kinaweza kuishi vizuri kwa uniti 20, ambazo kwa bei hiyo ni shilingi 2,440. Vyumba sita vya aina hiyo vikishikana kwenye mita moja vinafikisha 120, vinaangukia T1, na uniti zilezile 20 za kila chumba zinakuwa 7,100 na zaidi. Hakuna aliyeongeza matumizi. Walichofanya ni kujumlishwa tu.

Sabumita za vyumbani zinamaliza ugomvi wa nani katumia nini, na kwa hilo nazipenda, lakini hazibadilishi kundi la bei, kwa kuwa mbele ya shirika la umeme mita inabaki moja. Mwenye nyumba anayeweza kuingiza mita ya pili anawapunguzia wapangaji wake mzigo kuliko anayepunguza kodi ya chumba kwa elfu mbili.

"Umeme ukikatika ukarudi, friji linakula uniti mara mbili."

Friji lililozimika linapokea joto taratibu, na kadiri linavyopata joto ndivyo linavyozidi kupokea polepole. Umeme ukirudi, linalipia kile ambacho halikutumia lilipokuwa limezimika, halizidishi. Uniti zinakimbia kwa sababu yetu sisi: mgao ukiisha saa moja jioni, nyumba nzima inapiga pasi, inachemsha maji, inavuta maji kwa pampu na kuchaji kila kitu kwa pamoja. Tunatumia umeme wa siku nzima ndani ya saa mbili, halafu tunaisingizia mita.

Hata hivyo, kuchomoa friji umeme unapokatika ni jambo jema kwa sababu nyingine kabisa. Umeme hurudi kwa kuruka, na mruko huo huunguza. Ngoja dakika tano baada ya kurudi ndipo uchomeke, au tumia kifaa cha kulinda friji kinachosubiri chenyewe.

"Nikichemsha tena, kiporo kinakuwa salama."

Hapa naomba tutulie, maana wengi tunadhani kutotupa chakula ndiko kubana matumizi kwenyewe.

Friji la kawaida lisipofunguliwa hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyo nusu kama saa 24. Ndiyo sababu nafasi tupu kwenye friza zijazwe chupa za maji: yakiganda yanakuwa akiba ya baridi. Baada ya hapo chakula kinaingia kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda, kati ya nyuzi 5 na 60, na hali ya hewa ya Dar es Salaam imekaa katikati ya hapo mwaka mzima.

Wali ndio unaodanganya sana. Mchele una bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi sufuriani. Wali ukiachwa mezani usiku kucha, mbegu zinaamka, bakteria wanaongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha wala kukaanga. Haina harufu. Unaonja, unaona wali mzuri, na saa chache baadaye mtoto anatapika. Nauli ya kwenda zahanati na dawa zinapita mbali bei ya sahani moja ya wali. Siku za mgao pika kinachoisha, pima mchele kwa idadi ya walaji, na kitoweo nunua cha siku hiyo. Dagaa wakavu, maharage, karanga na mayai havihitaji friji kabisa. Nimeona watu wakinunua kilo tano za nyama kwa sababu ya bei ya jumla, umeme ukakatika siku mbili, wakagawa kwa majirani usiku wa manane. Jumla inaokoa kwenye unga, mchele, sabuni na mafuta ya kupikia, ambayo ukiyanunua kwa kipimo cha jero jero unalipa zaidi ya anayenunua lita.

"Mkaa ni wa maskini, gesi ni ya wenye nazo."

Mkaa wa shilingi 2,000 kwa siku ni 60,000 kwa mwezi. Haiumi kwa sababu inatoka kidogo kidogo. Gesi ya mtungi wa kilo 6 inauma siku ya kujaza, lakini nyumbani kwangu, watu wanne, inafika wiki tatu, na kujaza kwake hakufiki hata nusu ya ile 60,000. Ninayoihesabu kwa umakini ni siku ya maharage. Kuna jiko la presha la umeme ambalo TaTEDO, shirika la nishati endelevu, na wengine wamekuwa wakilihimiza: limefunikwa pande zote, joto halitoroki, na nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa umeme usiozidi nusu uniti, chini ya shilingi 200. Kwa hiyo si kila upishi wa umeme ni ghali. Jiko la sahani ni ghali, la presha si ghali. Umeme ukiwepo tunapika maharage ya siku mbili na kula yote kabla hayajachacha, ukikatika tunarudi kwenye gesi.

"Mkaa ukishakolea hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara."

Dhana hii inaua. Kuanzia Juni mpaka Agosti, Njombe, Makete na Mbeya, baridi inapouma na umeme haupo, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Wanaamini hatari ni moshi, na moshi umeshaisha.

Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu usio na moshi, unaendelea kutoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikiingia kwenye mapafu hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyekwisha kulala hazioni. Bakuli la maji pembeni ya jiko halisaidii, chumvi haisaidii, upenyo mdogo wa dirisha si wa kuutegemea. Moto uotwe nje, jiko lisiingizwe chumbani, na watoto walale pamoja chini ya mablanketi yote yaliyopo. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba cha aina hiyo, fungua kila kitu, mtoe nje kwanza, kisha mkimbize hospitali hata akizinduka.

Jenereta inatoa hewa hiyohiyo, kwa hiyo koridoni na stoo si mahali pake. Na kwa pesa pia haisaidii nyumba ya kawaida. Lita moja ya petroli kwenye jenereta ndogo hutoa uniti moja hadi mbili. Petroli ikiwa karibu na 3,000, uniti moja inakugharimu mara nne hadi nane ya ile ya LUKU, mbali na oili na matengenezo. Mwenye saluni anaweza kuirudisha kwa wateja. Wa kuangalia taarifa ya habari hawezi. Betri la gari kwenye inveta nalo halikuundwa kukamuliwa hadi mwisho. Ukilikausha mara kwa mara linakufa ndani ya miezi.

"Bwawa limekamilika, umeme hautakatika tena."

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na tangu mitambo ianze kuwashwa mwaka 2024 upungufu wa uzalishaji uliotuletea mgao umepungua sana. Lakini mgao na katizo ni vitu viwili. Nguzo iliyooza, transfoma iliyozidiwa na mtaa uliopanuka, mti ulioangukia waya, hivyo vipo kati ya bwawa na nyumba yako. Aprili 1, 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani, wakati bwawa limejaa maji.

Kwa hiyo maandalizi bado yanahitajika, na swali ni kianze nini. Wengi huanza na mwanga, na mimi nilianza hivyo: taa kubwa ya kuchaji, kwa bei iliyoniuma. Umeme ulipokatika siku mbili nikagundua kwamba giza tulilivumilia. Kilichotushinda ni maji. Kisima cha mtaa kinavutwa kwa pampu, pampu ilikuwa imelala, na dumu la lita 20 lililokuwa likiuzwa jero lilifika buku kabla ya adhuhuri. Siku hizi madumu manne yanakaa yamejaa nyuma ya mlango, yenye mifuniko, na kila Jumamosi maji yake yanafulia kisha yanajazwa upya. Taa ndogo ya sola nilinunua baadaye, pesa ilipopatikana.