Miezi minne ya kuweka silaha chini: kalenda ya Waarabu kabla ya Uislamu

Hijazi, eneo la magharibi mwa Uarabuni lenye Makka, katika karne ya 6 haikuwa na mfalme wala askari wa kulinda njia. Mtu akiuawa, ukoo wake ndio uliodai kisasi au dia (fidia ya damu) ya ngamia, na kisasi kiliweza kumwangukia yeyote wa ukoo wa muuaji. Mfanyabiashara wa Makka angepitishaje ngozi na zabibu za Taif katikati ya makabila yenye damu kati yao? Ulinzi mmoja ulikuwa mkataba na wakuu wa njiani. Mwingine ulikuwa kalenda.

Vita vilikatazwa Dhulqaada, Dhulhija na Muharram (Mfunguo Pili, Tatu na Nne wa pwani yetu), na tena Rajabu. Mitatu ile ilifuatana kwa sababu: wa kwenda, wa hija, wa kurudi nyumbani. Siku 20 za mwanzo za Dhulqaada watu walikuwa sokoni Ukaz, karibu na Taif; 10 zilizobaki wakahamia soko la Majanna. Dhulhija ikiandama walikaa soko la Dhul-Majaz siku 8, na tarehe 9 wakasimama Arafa. Ukaz palikuwa zaidi ya soko: mateka walikombolewa pale, dia zikalipwa, washairi wakashindana.

Ila miezi mitatu bila kuteka ngamia wa jirani ni mirefu kwa kabila linaloishi kwa kuteka. Hapo ndipo ilipoingia nasii, yaani kuahirisha. Mtu wa ukoo wa Fuqaym, katika kabila la Kinana, aliyeitwa Qalammas, alisimama baada ya hija na kutangaza kuwa Muharram ya mwaka ule ni halali kupigana, Safar itashika nafasi yake. Idadi ilibaki minne! Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, anaeleza vingine: mwaka wa mwezi una siku 354, wa jua 365, hivyo pengo la siku 11 hufikia 33 kwa miaka mitatu, nao wakaongeza mwezi wa 13 ili hija isihame majira. Maelezo hayo mawili si lazima yapingane. Soko la ngozi na mazao lilihitaji majira yake.

Mwiko ulivunjwa pia bila tangazo la mtu. Al-Barrad wa Kinana alimuua Urwa wa kabila la Hawazin, aliyekuwa akisindikiza msafara wa mfalme wa Hira (huko Iraki) kwenda Ukaz, na vita vilivyofuata vikaitwa Fijar, uovu, kwa kuwa viliingia katika mwezi mtukufu.

Qur'ani iliikataza nasii (sura ya 9, aya ya 37), na Mtume akalirudia hilo katika Hija ya Kuaga mwaka 632. Tangu hapo hakuna mwezi wa 13. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka: anayefunga wakati wa kipupwe, baada ya miaka kama 16 atafunga kwenye joto la kaskazi.